Vyuma vilipokaza Dar: Nyumba zilikaa tupu, bei hazikushuka

KATI ya mwaka 2016 na 2018 msemo mmoja ulitawala vijiweni, ndani ya daladala na maofisini jijini Dar es Salaam: vyuma vimekaza. Fedha mfukoni ilikuwa adimu, na dalili yake mojawapo ilisomeka ukutani. Maandishi ya "Nyumba inapangishwa" yalikaa mwezi baada ya mwezi hadi yakafifia kwa jua.

Hata hivyo, mpangaji aliyepiga simu kuulizia kodi mara nyingi alitajiwa kiasi kile kile cha miaka ya neema. Wateja walipungua, vyumba vikabaki vitupu, lakini bei iliyotajwa haikutaka kushuka.

Takribani miaka kumi baadaye, kipindi hicho kinafaa kutazamwa upya. Kinaonyesha jinsi soko la nyumba na majengo ya biashara linavyopokea mtikisiko wa uchumi katika jiji ambalo wengi hujenga kwa fedha taslimu, na ni nani hasa hubeba hasara.

Fedha zilikwenda wapi

Takwimu rasmi hazikuonyesha mdororo. Pato la Taifa liliendelea kukua kwa zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka, likisukumwa kwa kiasi kikubwa na shughuli za ujenzi. Ugumu ulikuwa katika mzunguko wa fedha mitaani.

Mapema mwaka 2016 taasisi za umma ziliagizwa kuhamishia fedha zao Benki Kuu ya Tanzania (BoT) kutoka benki za biashara. Semina na mikutano ya Serikali iliyokuwa ikifanyika hotelini ilipunguzwa. Aprili 2017, uhakiki wa vyeti uliwataja watumishi wa umma 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi, na mishahara yao ikakoma.

Benki nazo zilijikunyata. Mikopo kwa sekta binafsi, ambayo mwaka 2015 ilikuwa ikikua kwa zaidi ya asilimia 20, ilikua kwa chini ya asilimia 3 kufikia mwisho wa 2017. Mikopo chechefu ilivuka asilimia 10 ya mikopo yote, wakati kiwango kinachovumiliwa ni asilimia 5.

Juu ya hayo, Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kuwa Serikali ingehamia Dodoma. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangulia Septemba mwaka huo. Kila mtumishi aliyefunga mizigo aliacha nyumba nyuma yake, pamoja na mama lishe, duka na kinyozi waliomtegemea.

Hesabu ya mwenye nyumba

Kwa nini kodi haikushuka haraka? Jibu la kwanza ni kwamba mwenye nyumba wengi hawakuwa na deni la nyumba. Mikopo ya nyumba nchini haijawahi kufikia hata asilimia 1 ya Pato la Taifa, pamoja na kuanzishwa kwa kampuni ya TMRC mwaka 2010 ili kuziwezesha benki kukopesha kwa muda mrefu.

Hapo ndipo Dar es Salaam ilipotofautiana na miji ya Marekani mwaka 2008. Kule, aliyeshindwa kulipa rejesho alinyang'anywa nyumba, benki ikaitupa sokoni, na bei ya mtaa mzima ikaporomoka. Hapa, aliyejenga kwa tofali moja moja kutokana na mshahara, kiinua mgongo au faida ya biashara hana anayemgongea mlango mwisho wa mwezi. Anaweza kusubiri.

Kusubiri huko hata hivyo kuna gharama ambayo wengi hawaipigii hesabu. Chukua mfano wa nyumba inayopangishwa kwa Sh600,000 kwa mwezi. Mteja anakuja na Sh450,000, mwenye nyumba anakataa, na nyumba inakaa tupu kwa miezi sita kabla ya kumpata wa Sh600,000.

Kwa mwaka huo atakusanya Sh3.6 milioni. Angemkubali mteja wa kwanza, angekusanya Sh5.4 milioni. Ili kufidia pengo la Sh1.8 milioni kwa nyongeza ya Sh150,000 kila mwezi, itamlazimu akae na mpangaji huyo mwaka mwingine mzima bila kukatizwa.

Wako waliokubali ukweli kimyakimya. Mwenye nyumba aliyedai kodi ya mwaka alipokea ya miezi sita, na wa miezi sita alipokea ya mitatu. Wengine walipaka rangi upya au walichimba kisima ili mpangaji asihame. Kodi kwenye mkataba ilibaki vilevile, lakini thamani yake ilikuwa imepungua.

Jiji moja, masoko mawili

Maumivu hayakugawanywa sawasawa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 mkoani Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 5.38. Watu waliendelea kuongezeka hata vyuma vilipokaza, na wote walihitaji mahali pa kulala.

Kwa hiyo chumba kimoja cha Manzese, Buguruni au Mbagala hakikukosa mtu kwa muda mrefu. Aliyeshindwa nyumba nzima Sinza alihamia vyumba viwili Tabata, na aliyeshindwa Tabata alisogea Kinyerezi au Chanika. Mahitaji yalishuka ngazi.

Walioumia zaidi ni waliojenga kwa ajili ya wapangaji wa juu: maghorofa ya Masaki, Oysterbay na Upanga, yaliyolenga wageni wa mashirika na kampuni za kigeni na kutoza kodi kwa dola. Desemba 2017 Waziri wa Fedha, Dk Philip Mpango, aliagiza kuwa kuanzia Januari 2018 bei kwa wakazi zitajwe kwa shilingi. Tabia hiyo haikufa, na mwaka 2025 Serikali ililazimika kutoa kanuni mpya za kuizuia.

Ghorofa za wastaafu

Katikati ya jiji hali ilikuwa na uzito wa namna nyingine. Majengo mengi marefu ya Posta hayakujengwa na matajiri binafsi. Yalijengwa na mifuko ya hifadhi ya jamii, ukiwamo uliokuwa Mfuko wa Pensheni kwa Watumishi wa Umma (PSPF), uliosimamisha minara miwili ya ghorofa zaidi ya 30 katika Barabara ya Sokoine.

Ghorofa tupu katika jengo la namna hiyo ina mwenyewe, naye ni mwalimu, muuguzi au polisi ambaye mchango wake ulikatwa kwenye mshahara. Mwaka 2018 mifuko minne iliunganishwa kuwa PSSSF, ikirithi majengo pamoja na madai ya wastaafu wanaosubiri kulipwa.

Kigamboni, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) uliingia ubia wa kujenga mji wa Dege wenye nyumba zaidi ya 7,000. Ujenzi ulisimama mwaka 2016, maghorofa yakabaki magofu yanayotazama bahari. Miradi ya Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) ya Kawe na Morocco nayo ilikwama kwa kukosa fedha, na kazi ilirejea baada ya mwaka 2021.

Katika maduka makubwa, Uchumi ya Kenya ilifunga milango nchini mwaka 2015, na Nakumatt ikafuata. Kampuni hizo zilikuwa na matatizo yao ya ndani, lakini zilipoondoka, wenye majengo walikuta hakuna mpangaji wa haraka wa kujaza nafasi za ukubwa ule.

Kariakoo ndiko bei zilikoonyesha ukweli mapema. Huko fremu hupatikana kwa kilemba, malipo ya mkupuo anayotoa mfanyabiashara ili apishwe, mbali na kodi ya pango. Biashara inapozorota, kilemba huanza kushuka kabla ya kodi, kwa sababu hakuna anayenunua nafasi asiyotarajia kurudisha fedha yake.

Ukweli wa mnadani

Mahali pengine ambapo bei haikuweza kujificha ni mnadani. Mfanyabiashara aliyeweka nyumba rehani ili apate mtaji hakuwa na nafasi ya kusubiri. Matangazo ya minada yalijaa kurasa za magazeti, na kila benki ilitafuta wanunuzi wale wale wachache wenye fedha taslimu.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mkopeshaji atafute bei nzuri kadiri inavyowezekana. Nyumba ikiuzwa kwa pungufu ya asilimia 25 au zaidi ya wastani wa soko, sheria huchukulia kuwa wajibu huo umekiukwa, hadi mkopeshaji athibitishe vinginevyo. Lakini wastani wa soko ni upi, wakati mtaani hakuna anayeuza na wote wanataja bei za zamani?

Swali hilo ndilo lililoacha pande zote na manung'uniko. Mdaiwa aliona nyumba yake imetupwa. Benki iliona hakuna aliyefika na zaidi.

Aliyelipa ni nani

Dodoma ilivuna kile Dar es Salaam ilichopoteza. Viwanja vilipanda bei, nyumba za kupanga zikawa adimu, mji ukapewa hadhi ya jiji Aprili 2018, na Mji wa Serikali wa Mtumba ukazinduliwa mwaka uliofuata.

Dar es Salaam, hasara ilipita kwa njia za kimya. Anayejenga kidogo kidogo husimamisha ujenzi siku mshahara unapochelewa. Pagale halipigi kelele, lakini nyuma yake yuko fundi aliyekaa bila kazi, mfyatua tofali asiye na mteja na dereva wa lori la mchanga aliyeegesha.

Mpangaji naye hakunufaika kama ilivyotarajiwa. Sheria iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na aliyekosa kodi ya miezi sita mkononi alibaki nje hata mtaa ulipojaa nyumba tupu. Ukubwa wa malipo ya mkupuo ulimzuia kuliko kodi yenyewe.

Kwa familia nyingi za mjini, nyumba ndiyo benki, bima na pensheni. Ndiyo maana kukubali kuwa thamani yake imepungua ni vigumu kuliko kuiacha ikae tupu. Vyuma vitakapokaza tena, anayetaka kujua hali halisi asiulize kodi ni shilingi ngapi. Aulize nyumba hiyo imekaa tupu kwa miezi mingapi.