Utafiti haujiteti wenyewe

"Mwanasayansi abaki maabara, siasa awaachie wanasiasa." Kauli hii ikitoka kwa waziri hainishangazi. Inayoniuma ni ile inayotoka kwa wahadhiri, wanaowafundisha vijana kwamba huko ndiko kuiheshimu taaluma. Ni imani potofu, na imeshaua watu.

Mwaka 1999 utafiti uliofanyika Hospitali ya Mulago, Kampala, ulitoa matokeo ya kutia moyo. Mama mwenye virusi vya UKIMWI akimeza kidonge kimoja cha nevirapine uchungu unapoanza, na mtoto akapewa matone machache ya dawa hiyo ndani ya siku tatu, maambukizi kwa watoto yalipungua karibu nusu kuliko kwa waliotumia dozi fupi ya AZT. Mwaka uliofuata mtengenezaji akajitolea kuzipa nchi maskini dawa hiyo bure kwa miaka mitano.

Afrika Kusini, serikali ya Rais Thabo Mbeki iliibana dawa hiyo ndani ya vituo vichache vya majaribio, viwili kila jimbo. Daktari wa hospitali ya umma iliyo nje ya vituo hivyo alikuwa na mama mwenye uchungu mbele yake, dawa anaijua, ruhusa ya kuitoa hana. Wenye kauli ile waniambie: daktari huyo arudi maabara akatafute nini, wakati jibu lilishapatikana?

Wengi hawakurudi. Julai 2000, wanasayansi na madaktari zaidi ya 5,000 walitia saini Azimio la Durban kutamka kwamba VVU ndivyo vinavyosababisha UKIMWI, jambo ambalo Mbeki alikuwa akilitilia shaka. Madaktari wa watoto waliungana na wanaharakati wa Treatment Action Campaign kuishtaki serikali, na Julai 2002 Mahakama ya Katiba ikaamuru dawa itolewe. Kufikia hapo makaburi yalikuwa mengi. Watafiti wa Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba sera za serikali ile kuhusu dawa za UKIMWI ziligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000.

Wala tusidhani wanaharakati ndio walioiingiza sayansi kwenye siasa. Mbeki alikuwa na jopo lake la ushauri kuhusu UKIMWI, na miongoni mwa wajumbe alikuwamo Peter Duesberg, profesa wa Berkeley aliyekana kwamba virusi ndivyo chanzo cha ugonjwa. Kiti cha mtaalamu karibu na mtawala hakikai kitupu. Wakweli wakinyamaza, hutafutwa wengine.

Wapo wanaohofia kwa nia njema kwamba mtafiti akishika bango, takwimu zake hazitaaminika tena. Lakini takwimu hulindwa na mbinu zilizowekwa wazi, na jaribio linaloweza kurudiwa hata na mtu asiyekupenda. Anayeficha matokeo ili kukipendelea chama chake afukuzwe. Anayeyaficha kwa kuiogopa wizara amewanyima wananchi ukweli uleule, na sioni kwa nini tumwite mwadilifu.

Nchini Kenya, mwanasayansi Wangari Maathai alikuwa akikusanya kupe kwa ajili ya utafiti wa ndigana alipoona ng'ombe wamekonda na mito imejaa udongo uliosombwa kutoka mashambani. Angeweza kuandika habari za kupe tu, akapandishwa cheo kwa amani. Mwaka 1989 alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, wabunge walimkejeli, na shirika lake la Green Belt likatimuliwa kwenye jengo la serikali. Jengo lile halikujengwa, na watu wa Nairobi bado wana bustani yao.

Vyuo vikuu vyetu viandike kwenye mikataba ya ajira kwamba mtafiti anayetangaza hadharani alichokipima hataitwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa sababu hiyo. Na vyama vya kitaaluma, vinavyokusanya ada za wanachama kila mwaka, vitenge fedha za wakili wa kusimama naye serikali itakapomgeukia.