Karatasi Kabatini

Juzi shoga yangu alinipigia saa nne usiku, sauti imekauka kwa kulia. Mumewe ana kisukari, mwaka wa tatu sasa. Katika kupanga kabati akakuta karatasi ya maabara inayosema zinki ya shemeji iko chini, na pembeni yake makopo manne ya vidonge vya zinki, kromiamu na seleniamu. Nusu ya ada ya mtoto imeishia hapo. Kibaya zaidi, dawa za hospitali alishaziacha kimyakimya!

Jamani, zinki si porojo. Kongosho huitumia kuhifadhi insulini. Sukari ikipanda, zinki nyingi hutoka na mkojo, ndiyo maana watafiti wakipima damu za wenye kisukari mara nyingi huikuta imepungua. Lakini hapo angalia vizuri: sukari yenyewe ndiyo inayoifukuza. Unaziba ndoo upande gani, wa bomba au wa tundu?

Halafu kipimo chenyewe kina maringo. Zinki iliyo kwenye majimaji ya damu haifiki asilimia 1 ya zinki yote mwilini. Inashuka ukishakula, inashuka ukiwa na maambukizi. Hata mfuniko wa mpira wa kichupa cha kawaida unaweza kuchafua majibu, ndiyo maana vipo vichupa maalumu. Sasa karatasi moja ya asubuhi moja ndiyo ikufanye uache dawa?

Na vidonge navyo si peremende. Mwaka 2007 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Marekani ambapo watu wasio na kisukari walipewa mikrogramu 200 za seleniamu kila siku, wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka 7 kwa wastani. Kati ya 600 waliomeza, 58 walipata kisukari. Kati ya 602 waliopewa vidonge visivyo na kitu, ni 39.

Nilimwambia shoga yangu asigombe, amuulize kwa upole. Ndipo shemeji akafunguka. Mambo ya chumbani yalikuwa yamelegea, akaona aibu, rafiki wa kazini akamwambia zinki inarudisha heshima. Maskini! Sukari ikikaa juu muda mrefu ndiyo inayoharibu mishipa na kuleta tatizo hilo hilo. Alikuwa anaikimbia tiba yake mwenyewe.

Wiki iliyofuata walikwenda kliniki wawili, na karatasi yao mkononi. Daktari akaanza na kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, akamrudisha kwenye dawa, na lile la chumbani likazungumzwa bila kucheka mtu.

Wewe unayesoma hapa, unajua mwenzako anameza nini? Muulize leo, taratibu, mkiwa wawili tu. Tukutane mwezi ujao.

Mhariri