Theluji yao, mitaro yetu: kodi ya jengo irudi mtaani

Makamanda, naanza na hesabu ya chumbani kwangu.

Mwanzoni mwa mwezi huu nilinunua umeme wa shilingi 5,000. Kabla sijaona uniti hata moja, 1,500 ikakatwa: kodi ya jengo. Mimi sina jengo. Nimepanga chumba kimoja kwenye nyumba ya vyumba sita yenye mita moja, na mwezi huu mimi ndiye niliyetangulia kununua. Basi kodi ya baba mwenye nyumba nikailipa mimi, mwanafunzi.

Siku tatu baadaye mvua ikanyesha. Mtaro wa mbele yetu umeziba tangu mwaka jana, umejaa mchanga, chupa za plastiki na kila kitu unachokijua. Maji yakaingia ndani. Tulipokwenda ofisi ya mtaa tukaambiwa kwa upole kabisa: "Wanangu, hela kutoka juu haijashuka. Changeni 3,000 kila chumba tutafute vijana wa kuzibua."

Yaani tumelipa kodi ya jengo, halafu tunachangishwa ili jengo hilohilo lisiingie maji. Hela ilipanda juu ndani ya sekunde moja kupitia LUKU. Kushuka ndiyo imeshindikana.

Nikiwa naandaa kazi ya darasani kuhusu sheria za serikali za mitaa, nilisoma habari za mji mmoja wa Marekani unaoitwa Syracuse, jimbo la New York. Ni mji wa watu wasiofika 150,000. Moshi yetu, tunayoihesabu kuwa mji mdogo, ina watu wengi kuliko hapo. Kila mwaka Syracuse huangukiwa na theluji ambayo ukiijumlisha kwa wastani wa msimu inafika karibu mita 3. Theluji hiyo isipoondolewa, gari la wagonjwa halipiti, watoto hawafiki shule, wazee wanateleza na kuvunjika nyonga.

Wanafanyaje? Hakuna miujiza. Wanajua theluji itakuja, kama sisi tunavyojua masika yatakuja. Halmashauri ya mji inapitisha bajeti yenye magari ya kusukuma theluji, chumvi ya kumwaga barabarani na posho za madereva wa usiku. Sehemu ya hela hiyo inatokana na kodi ya majengo ya mji wenyewe. Mwaka 2021 waliamua mji uanze kubeba jukumu la njia za waenda kwa miguu, ambalo lilikuwa la kila mwenye nyumba, na wakaweka ada ya kila mwaka kwa wenye majengo ili kulilipia. Walibishana, na wapo waliolalamika. Lakini aliyelipa alijua hela inakwenda wapi, na theluji ikibaki njiani anajua mlango wa kugonga.

Na wakishindwa? Hapo ndipo patamu. Januari 1979 theluji kubwa ilifunika Chicago. Meya Michael Bilandic, mrithi wa mtandao wa chama uliotawala mji ule kwa miongo, akashindwa kuiondoa. Mwezi uliofuata, kwenye kura za maoni za chama chake, wananchi wakamwangusha na kumpa nafasi Jane Byrne, ambaye baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya wa Chicago. Theluji ilimng'oa meya!

Sasa jiulize: mtaro wako ukiziba, utamng'oa nani?

Meya wetu anachaguliwa na madiwani, si na wewe. Mkurugenzi, ambaye ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri, anateuliwa na Rais. Mwenyekiti wa mtaa ulitakiwa umchague Novemba 2024, na wote tunakumbuka majina ya wagombea wetu yalivyokatwa nchi nzima. Na kodi ya jengo, ambayo sehemu nyingi duniani ndiyo kodi ya asili ya mji kwa sababu nyumba haihami, iliondolewa mikononi mwa halmashauri mwaka 2016 na kupelekwa TRA. Mwaka 2021 ikaingizwa kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 2023 ikapandishwa hadi 1,500. Kinachorudi mjini, na lini kinarudi, kinaamuliwa mbali na mtaro wako.

Kumbuka pia kalenda. Oktoba 2015 upinzani ulichukua halmashauri za miji mingi mikubwa, ikiwemo Arusha, Mbeya, Iringa na Moshi. Katikati ya 2016 kodi ya majengo ikaondoka. Sitasema nia ya mtu ambayo siwezi kuithibitisha mahakamani. Nasema tarehe zinajisomea zenyewe.

Na si mara ya kwanza nchi hii kujaribu kuendesha miji kutoka juu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mamlaka za miji zilifutwa kwa jina zuri la madaraka mikoani. Huduma za mijini zikaporomoka, uchafu ukarundikana, kipindupindu kikabisha hodi. Mwaka 1978 Serikali hiyohiyo ikatunga sheria ya kuzirudisha. Somo tulishalipia ada, tumelisahau tu.

Baadaye likaandikwa hadi kwenye Katiba. Ibara ya 145 inaagiza viwepo vyombo vya serikali za mitaa, na ya 146 inasema madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mimi kama mwanafunzi wa sheria nauliza swali dogo: madaraka yasiyo na mfuko ni madaraka gani? Ukimpa mtu jembe ukamnyima mpini, usimwite mvivu.

Kuna watakaosema halmashauri zilikuwa zinakusanya vibaya na nyingine zinaiba. Ni kweli, tusijidanganye. Ripoti za CAG kila mwaka zinaonyesha hela zilizokusanywa kwa mashine ambazo hazikufika benki. Na tuwe wakweli zaidi: hata tulipokuwa tunaongoza sisi, si kila mtaro ulizibuliwa. Lakini mwizi akikutwa sokoni anakamatwa mwizi, soko halifungwi. Na LUKU yenyewe imetuonyesha kwamba tatizo la ukusanyaji lina dawa. Mita inajua iko mtaa gani. Mfumo ulioweza kukata 1,500 kwenye tokeni yangu unaweza kuituma moja kwa moja kwenye akaunti ya halmashauri nilipo, na kuonyesha hadharani kata yangu imechangia kiasi gani.

Kwa hiyo madai yetu yawe matatu, na tuyaseme kila mahali kwa maneno yaleyale.

Moja: kodi ya jengo ikusanywe hata kwa LUKU, lakini iwe mali ya halmashauri tangu sekunde inapokatwa.

Mbili: mwenye jengo alipe kodi ya jengo lake. Kumwambia mpangaji akaelewane na mwenye nyumba ni kumwambia swala akaelewane na simba. Katika nyumba zetu za uani, nani ana ubavu wa kumdai baba mwenye nyumba 1,500?

Tatu: kila mtaa ubandike ubaoni kabla ya masika ni mitaro ipi itazibuliwa, kwa hela gani, na nani anasimamia.

La tatu halisubiri uchaguzi wala Bunge. Mikutano ya mtaa ipo kisheria na vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Nendeni. Msiende kupiga kelele; nendeni na daftari. Pigeni picha mtaro kabla ya mvua na baada ya mvua. Tunzeni meseji za LUKU za mwaka mzima mzijumlishe. Sisi tulijumlisha za nyumba yetu: 18,000. Tukaandika barua, wapangaji sita tukasaini, tukaomba kuelezwa kwa maandishi kiasi gani kimerudi mtaani. Tukagongewa muhuri wa kupokelewa.

Jibu bado. Mvua haijasubiri, na sisi Jumatatu tunarudi na nakala ya ile barua.