Staa Kaenda Kutafuta Msaada wa Pombe, Mjini Wakamgeuza Kiki!

Ubuyu wa wiki hii ni picha moja tu. Staa wa Bongo Fleva, kofia kaishusha hadi kwenye nyusi, anatoka mlango wa nyuma wa jengo moja hapa Dar, jioni. Aliyempiga picha alijua fika mle ndani kuna nini: kikao cha watu wanaoacha pombe. Akaandika "Kumbe hali mbaya hivi!" na vikatuni vya kucheka. Kufika saa nne usiku, mji mzima unayo.

Watu wake wa karibu wanasema hajarudi tena kwenye kile kikao.

Haya, sasa waambiane ukweli waliosambaza. Si ndio haohao ambao miezi michache nyuma walirusha klipu yake akidondoka stejini, wakajaza komenti: "Dogo acha tungi", "Tafuta msaada bro"? Dogo katafuta. Na waliomtuma wakamvizia mlangoni na simu mkononi!

Kwa wasiojua, vikao hivi vilianza mwaka 1935 huko Akron, Ohio, Marekani. Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa, alikutana na Dk Bob Smith, daktari wa upasuaji. Wote pombe ilikuwa imewashinda. Wakagundua kwamba mlevi akikaa na mlevi mwenzake wakaambiana ukweli, siku inapita bila chupa. Ndipo ikazaliwa AA, yaani Alcoholics Anonymous, ambayo leo imeenea duniani. Hakuna kiingilio wala ada. Sharti ni moja: uwe unataka kuacha. Unataja jina la kwanza, unasikiliza ya wenzako, ukiwa tayari unasema yako. Mliyoyasema yanabaki humo.

Hilo neno "Anonymous" linamaanisha watu wasiotajwa majina. Ukiiondoa siri, kikao kimekufa. Nani atasimama kusema alimpiga mke wake akiwa amelewa, kama kuna simu inarekodi?

Na vikao hivi vinasaidia. Mwaka 2020 wachambuzi wa Cochrane walipitia tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000. Wakakuta programu zinazompeleka mtu AA kwa utaratibu maalumu zinafanya vizuri kuliko tiba nyingine zinazojulikana, ukiangalia wangapi wanakaa bila kunywa kabisa.

Wapo watakaosema staa ni mali ya umma. Shoo yake ndiyo ya umma, sawa. Nyimbo zake pia. Ugonjwa wake mlinunua tiketi wapi? Wengine watasema anajitakia. Basi waulizwe mapromota wanaomlipa nusu pesa nusu chupa, na meza za VIP zinazomtumia mzinga kila akipanda stejini, halafu zikamcheka akianguka.

Hasara haiishii kwake. Kuna mwigizaji wa Bongo Muvi, mama wa watoto wawili, anayeingia kwenye vikao vya mtandaoni na watu wa Uingereza, kamera kaizima, lugha anaiokoteza. Kikao cha Kiswahili kiko mwendo wa bodaboda kutoka kwake. Alikuwa anajipanga kwenda, akaiona ile picha. Mwanamke mlevi mjini hapa haitwi mgonjwa, anaitwa malaya, na yeye anajua. Sasa kama staa na mwigizaji wameogopa, vipi yule karani wa benki ambaye bosi wake anafuatilia kila ukurasa wa umbea?

Kwa anayetafuta kimyakimya, njia zipo. AA ina vikundi Tanzania na Kenya. Tafuta kwenye mtandao jina hilo pamoja na mji wako, na uulize kabla ya kwenda kwa sababu sehemu na saa hubadilika. Kikao cha wazi anaingia yeyote, hata ndugu wa kukusindikiza. Cha kufungwa ni cha wenye tatizo tu. Ukikwama, uliza kliniki ya afya ya akili hospitalini, kama Muhimbili au Mirembe kule Dodoma. Zanzibar zipo soba hausi zinazofuata hatua 12 hizohizo. Familia nazo zina vikao vyao, Al-Anon, tangu 1951.

Ila anayekunywa sana kila siku asikate ghafla peke yake. Aanze kwa daktari, maana kutetemeka kunaweza kufika kwenye degedege, na watu wanakufa hivyo.

Kwa wenye ile picha: futeni. Kurasa zilizoirusha zifute na ziombe radhi. Na siku ukimwona staa wako kwenye mlango kama ule, simu irudi mfukoni, pita kama hujaona kitu. Hiyo ndiyo sapoti aliyokuwa anaihitaji kuliko komenti elfu za "tunakuombea".

Wadau, angekuwa kaka yako au mama yako kwenye ile picha, ungeisambaza? Tiririka hapo chini, ila jina la mtu usitaje.