Wapelekeni Watoto Makumbusho



Watu wengi wa mwambao wakisikia neno makumbusho hudhani ni pahala pa wageni. Mzazi hupita mlangoni mara mia katika umri wake, asiingie hata mara moja. Jambo hili lataka kuangaliwa, kwani vilivyomo ndani vilitoka majumbani mwetu, na mtoto asiyeelezwa na mzee wake ataelezwa na mtu mwengine.

Tuchukue mfano wa Makumbusho ya Lamu. Jumba lake, linaloelekea bahari, lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19, na zama za ukoloni wakikaa humo wakuu wa serikali ya Kiingereza. Mwaka 1971 likafunguliwa kuwa makumbusho. Si jumba kubwa, na kiingilio cha mwananchi ni kidogo kuliko cha mgeni. Lakini mtoto akizungushwa humo bila ya kuulizwa neno, atatoka kama alivyoingia. Mimi huwapa wanafunzi wangu maswali matatu mbele ya kila chombo: Kimefanywa vipi? Nani alikitumia? Na kwa nini hakitumiki tena?

Humo mna siwa mbili mashuhuri. Ya Pate ni ya pembe za ndovu, kazi ya karne ya 17, na urefu wake wapita kimo cha mtu. Ya Lamu ni ya shaba. Mtoto na atazame nakshi zake kwa utulivu, ajue kwamba mikono iliyozifanya ilikuwa na subira na elimu. Kisha aulize nani alizitumia. Siwa ikipigwa katika arusi na sherehe za waungwana wenye nasaba. Mtumwa hakupigiwa siwa.

Hapa, mzazi, usinyamaze. Neema ya miji hii ilichanganyika na jasho la watumwa waliolimishwa mashamba ya bara, na katika Kenya utumwa haukuondolewa kwa sheria mpaka mwaka 1907. Mtoto aelezwe uzuri wa siwa, aelezwe na waliokatazwa siwa. Ukimpa nusu ya habari utakuwa umempandia kiburi cha nasaba, na dini yetu imetukataza kujifaharisha kwa nasaba.

Tazameni pia mfano wa mtepe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila ya msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Chombo hicho kilibeba mizigo katika bahari yetu kwa karne nyingi, kisha katika karne ya 20 kikatoweka, na vyombo vya misumari vikashika nafasi yake. Ufundi usiopata mwanafunzi huzikwa pamoja na fundi wake.

Swali hilo la tatu linatufuata mpaka nyumbani. Katika kisiwa cha Pate uko mji wa Siyu, ambao katika karne ya 19 ulisifika kwa waandishi wa misahafu na vitabu kwa mkono, na kwa mafundi wa ngozi. Vitabu vya namna hiyo, pamoja na barua na hati za mashamba zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, bado vimo masandukuni mwa baadhi yetu. Vingine vinaliwa na mchwa. Vingine vinauzwa kwa bei ya kitoweo cha siku moja, na muuzaji hajui hata kilichoandikwa ndani.

Basi nawausia mambo manne. Kwanza, msiuze wala kuchoma karatasi ya zamani kabla ya kumwonyesha mtu anayeweza kuisoma. Pili, iwekeni pakavu, mbali na sakafu na jua, wala msiibandike kwa gundi. Tatu, andikeni katika karatasi nyengine ni ya nani, imetoka kwa nani, na mwaka gani kama unajulikana. Nne, ipigeni picha kwa simu, ili isipotee yote ikiharibika.

Skuli zikifungwa, mpelekeni mtoto makumbusho yaliyo karibu nanyi. Mkirudi, lifungueni sanduku la bibi yake, kwa idhini yake, na mtoto amwulize maswali yale yale matatu. Bibi akijibu, kijana ashike kalamu aandike.

Wassalaam.