Tuilipie Alcoblow kwa bajeti, la sivyo itaendelea kulipwa kwa chai

Ijumaa usiku ikifika saa tano hivi, simu yangu huanza kulia mfululizo. Si mtu ananitafuta, wala si deni la Fuliza. Ni grupu la WhatsApp la wasee wa mtaa. "Karao wako na kidude hapo Roysambu, pitieni ndani." Anayefuata anauliza kama Kiambu Road iko sawa. Wa tatu anarusha zile emoji za mikono ya kushukuru. Ndani ya dakika kumi kila mwenye gari mtaani ashajua pa kupita, na askari waliosimama na tochi kwenye baridi wanabaki kumpima dereva wa lori la mkate na jamaa wa teksi ambaye hajaonja kitu tangu asubuhi.

Hata mimi nimewahi kuzituma hizo meseji, na sina gari. Mimi ni wa matatu, na matatu ikikosekana ni mguu. Nilizituma kwa sababu kila mtu alizituma, na kwa sababu kumshinda karao ujanja ni raha ambayo kila kijana wa Nairobi anaielewa bila kuelezwa.

Nikaacha kwa sababu ya mama mmoja wa ploti yetu. Alikuwa akitoka saa kumi alfajiri kwenda sokoni kuchukua nyanya na sukuma za kuuza. Jumapili moja aligongwa na gari dogo akitembea kando ya barabara, pale ambapo pangekuwa na njia ya waenda kwa miguu kama ingejengwa. Waliofika kwanza walisema dereva alikuwa ananuka tei na hakuweza hata kusimama vizuri. Alipelekwa kituoni. Kifaa cha kumpima hakikuwepo. Damu yake ikaja kuchukuliwa kesho imeshaingia, jua liko juu, watu wanatoka kanisani.

Hapa kuna hesabu ambayo sikuijua wakati ule. Mwili wa binadamu hupunguza pombe kwenye damu kwa wastani wa miligramu 15 hivi katika kila mililita 100 kwa saa. Kiwango kilichowekwa nchini kwa dereva wa kawaida ni miligramu 80. Kwa hivyo mtu aliyekuwa na 120 saa kumi alfajiri, akipimwa saa nne asubuhi atakuwa amebaki na 30 hivi. Karatasi itasema yuko sawa. Karatasi haisemi uongo, ila imechelewa. Kesi ya yule mama iliahirishwa na kuahirishwa hadi wanawe wakachoka kutafuta nauli ya kwenda kortini.

Kwa hivyo nikisikia mtu akisema pesa za umma zisitumike kwa vizuizi vya kupima ulevi, huwa nataka kujua anadhani vinalipiwa na nani sasa hivi.

Turudi nyuma kidogo, maana wengi wenu mlikuwa shule ya msingi. Alcoblow ilirudi barabarani kwa kishindo Desemba 2013, kwa kanuni zilizotungwa mwaka 2011. Dereva wa gari la kibinafsi alipewa kiwango cha mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi. Wa matatu hakuruhusiwa hata tone. Zile wikendi za kwanza mji ulishtuka. Watu waliacha magari kwenye maegesho ya baa, teksi zikapata kazi, hadithi za kutafuna majani na kulamba sarafu zikazagaa. (Hazifanyi kazi. Kidude kinapima hewa inayotoka kwenye mapafu, hakinusi mdomo wako.)

Kisha wenye baa wakaenda kortini, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba kanuni zile zinagongana na Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki. Sheria yenyewe inazungumzia mtu aliyelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Kupita namba kwenye kidude ni jambo lingine. Bunge lingeweza kurekebisha sheria mwezi uliofuata. Tangu hapo Alcoblow imekuwa kama mgeni asiyejua kama amealikwa: inakuja Krismasi, inapotea, inarudi Pasaka baada ya ajali kubwa, inapotea tena. Mwaka 2025 Wizara ya Uchukuzi ilitoa rasimu ya kanuni mpya za ulevi barabarani ili wananchi watoe maoni. Kwenye magrupu yangu yote sikuona hata mtu mmoja akiituma, lakini pa kukwepea kizuizi hutumwa kila wikendi.

Na watu wanazidi kufa. NTSA ilihesabu vifo zaidi ya 4,300 barabarani mwaka 2023, na zaidi ya 4,700 mwaka 2024. Kundi kubwa kuliko yote ni la waenda kwa miguu. Si wote waliuawa na walevi, hapana. Kuna mwendo wa kasi, breki mbovu, barabara zisizo na taa. Lakini katika sababu zote hizo, ulevi ndio unaoweza kuukamata usiku uleule, kabla gari halijafika kwa mama wa nyanya.

Sasa tuongee pesa, kwa sababu shida iko hapo.

Kizuizi cha maana hakitaki karao wawili na tochi. Kinataka vifaa vilivyokaguliwa vipimo vyake majuzi, maana kidude kisichokaguliwa wakili atakipangua kortini kabla ya chai ya saa nne. Kinataka mrija mpya kwa kila mtu anayepuliza. Kinataka taa na koni za kuonekana mbali, ili kizuizi chenyewe kisilete ajali. Kinataka mashine ya pili ya kuthibitisha, na gari la kuibeba. Kinataka maafisa wa kutosha kupima kila gari, na kamera inayorekodi wanachofanya. Vyote hivi vina bei, na bei hiyo mtu lazima ailipe.

Serikali isipoilipa, kizuizi hujitafutia riziki. Niliwahi kuwa kiti cha nyuma, gari la rafiki, barabara fulani ya kutoka mjini. Rafiki alikuwa amekunywa mbili au tatu, mwenyewe hakumbuki. Afisa akaja na kidude, akakibonyeza, hakikuwaka. Akakibonyeza tena. Betri imekufa. Badala ya kutuachilia akainama dirishani na kutuambia, kwa upole kabisa, kwamba tukisubiri kingine kije tutalala hapo, kwa hivyo tusaidiane. Tukachangishana 2,000. Rafiki akaendesha hadi nyumbani akiwa vilevile alivyokuwa. Tulicheka njia nzima.

Angalia kilichonunuliwa usiku ule. Afisa alilipwa na dereva alilipia ruhusa. Usalama ndio pekee haukupata senti. Ule haukuwa ukaguzi, ulikuwa ushuru. Ndiyo maana wasee wanaokwepa kizuizi hawajioni kama wahalifu. Wanajiona kama watu wanaokwepa kutoa hongo, na kwa hilo huwezi kuwalaumu sana.

Kuna wanaosema, basi, kwa kuwa polisi wetu ni wafisadi, kuwapa pesa zaidi ni kuwanenepesha. Nimeifikiria hoja hii sana kwa sababu nusu yake ni ukweli. Tukimwaga mamilioni kwa kizuizi kilivyo leo, tutapata chai ya bei juu zaidi. Lakini nusu ya pili ni kwamba hongo hustawi pale ambapo afisa ndiye anayeamua nani apulize, kifaa kinazimika wakati wowote, na hakuna anayehesabu. Jopo la Jaji mstaafu David Maraga lilieleza mazingira mabovu ambayo polisi hufanyia kazi na likapendekeza mishahara iongezwe. Sisemi mshahara pekee utamfanya mtu mwaminifu. Nasema ukimweka mtu wa mshahara mdogo gizani saa nane usiku mbele ya mtu mwenye gari la milioni tatu na kidude kilichokufa, ushaamua kitakachotokea.

Kuna waliolifanya hili vizuri. Desemba 1982 jimbo la New South Wales, Australia, lilianza kupima madereva kwa wingi na bila kubagua. Siri yao ilikuwa moja: kila anayesimamishwa anapuliza, uwe unanuka au hunuki, uwe waziri au muuza maziwa. Afisa hana nafasi ya kukuangalia usoni na kuamua. Wakaweka vizuizi mahali pa kuonekana na kuvitangaza sana, kwa sababu lengo lao lilikuwa kumfanya mtu aache funguo nyumbani, hata kabla ya kufikiria kumfunga. Vifo vilishuka mara moja. Na hawakufanya Krismasi moja wakaondoka. Walilipia kazi hiyo mwaka baada ya mwaka. Kiwango chao kilikuwa tayari miligramu 50, ambacho pia ndicho Shirika la Afya Duniani linachopendekeza. Sisi bado tuko 80.

Pesa zitatoka wapi? Swali zuri, na jibu liko mfukoni mwako. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli au dizeli inatozwa shilingi 25 za ushuru wa kukarabati barabara. Kabla ya hapo ilikuwa 18. Hata mimi nisiye na gari nazilipa kupitia nauli. Kila chupa ya bia nayo ina ushuru wake ndani, na serikali huupandisha kila ikibanwa. Pombe inachangia nchi hii kwa kukunywa kwetu, kwa hivyo sehemu ndogo ya hela hizo inaweza kurudi kuchunga barabara tunazorudia nyumbani. Sitaki ushuru mpya, msinielewe vibaya. Nataka huu tuliolipa tayari upewe kazi hiyo.

Kitu kimoja nakipinga kabisa, nacho ni wazo la vizuizi kujilipia kwa faini. Katiba inataka fedha za umma ziingie kwenye Hazina Kuu, isipokuwa pale sheria imepanga vingine, na hapo tusiguse. Siku kituo kitakapojua kwamba mafuta ya gari lake yanategemea idadi ya watu kitakaowakamata, kila dereva atakuwa mlevi hadi athibitishe vingine.

Kila shilingi ya bajeti ije na hesabu yake: vizuizi vingapi viliwekwa mwezi huu, watu wangapi walipuliza, wangapi walipita kiwango, wangapi walifikishwa kortini. Zichapishwe. Kizuizi kilichosimamisha magari 400 na kupeleka kortini mtu mmoja kina maswali ya kujibu. Na visiwekwe Westlands na Kiambu Road peke yake kwa sababu huko ndiko wenye pesa hupita. Kuna malori ya usiku, kuna boda zinazotoka kwenye chang'aa.

Tena tuwe wakweli: huwezi kumkamata mtu kwa kuendesha akiwa amelewa halafu saa nane usiku hakuna matatu ya kumpeleka Kayole wala Rongai. Teksi ya aplikesheni kwenda huko wakati huo inaweza kula pesa zote zilizobaki za sherehe. Wenye sacco za matatu na kaunti wana jambo la kuongea hapo, ingawa hiyo ni makala nyingine.

Mwaka 2024 tulijifunza kusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, tukautafsiri kwa Sheng, tukauelezea kwa video za dakika moja. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kila mwaka kabla Aprili kuisha, na kamati huita maoni ya wananchi. Fungu la polisi limo mle, na la uchukuzi pia. Mwaka huu nitatafuta ni wapi pameandikwa vifaa vya kupima ulevi na ni shilingi ngapi, kisha nitauweka ukurasa huo kwenye grupu. Ijumaa, saa tano usiku, wakati wote wako macho.