Yuko chuoni Marekani, mbona hapigi simu?

Mzazi mmoja wa Gonja ameniuliza: mwanangu yuko chuoni Marekani kwa ufadhili wa michezo, mbona wiki inapita bila simu? Ametusahau?

Sidhani. Tazama saa kwanza. Akitoka mazoezini saa mbili usiku kule Connecticut, majira yao ya baridi, Gonja ni saa kumi alfajiri, umelala. Na mazoezi kanuni zao zinaruhusu hadi saa 20 kwa wiki msimu wa mashindano, masomo yakibaki palepale. Hasheem Thabeet wetu alipita humo humo kabla ya kuchaguliwa wa pili kuingia NBA mwaka 2009.

Kinachowaumiza zaidi ni upweke. Kule mtu hukuuliza u hali gani huku anapita, jibu hasubiri. Sisi Wapare salamu tu yafika hadi kwa mbuzi! Mwishoni mwa Novemba, sikukuu ya Shukrani, wenzake huenda kwao na bweni hubaki kimya. Siku hiyo mpigie wewe. Mweleze vuli imenyeshaje, tangawizi bei gani. Ya mechi na mitihani atayaleta mwenyewe.